Christine Jorgensen: alianza na vidonge vya siri, akafika kwa waganga waliompima

Tarehe 1 Desemba 1952, gazeti la Daily News la New York lilijaza ukurasa wake wa kwanza na habari ya mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyekwenda Denmark na kugeuka mwanamke. Mwanamke huyo alikuwa Christine Jorgensen, mwenye umri wa miaka 26, na wakati huo alikuwa angali kwenye kitanda cha hospitali mjini Copenhagen. Ndani ya siku chache magazeti ya dunia nzima yalikuwa yanataja jina lake.

Karibu yote yalizungumuzia upasuaji. Ni machache yaliyouliza juu ya miaka miwili iliyotangulia upasuaji huo, miaka ya dawa za homoni, labo, vipimo na maswali ya waganga. Lakini sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayefikiri leo kuanza dawa hizo, kwa sababu Christine alizijua njia zote mbili: ya kumeza dawa peke yake kwa siri, na ya kupimwa kwanza.

Mtoto wa fundi seremala

Christine alizaliwa tarehe 30 Mei 1926 katika mtaa wa Bronx, mjini New York. Jamaa yake ilikuwa na asili ya Denmark. Baba yake alikuwa fundi seremala na mjenzi, na kwenye cheti cha kuzaliwa mtoto aliandikwa kuwa mwanaume, akapewa jina la baba. Alikua mpole, mwembamba na mwenye haya. Tangu utoto alijisikia kuwa hafanani na vijana wengine, lakini hakuwa na neno la kuelezea jambo hilo, na hakuna mtu nyumbani wala masomoni aliyekuwa nalo.

Mwaka wa 1945 alimaliza masomo ya sekondari. Alifanya kazi kidogo katika kampuni ya RKO-Pathé iliyotengeneza filamu za habari, kisha jeshi likamwita. Vita vilikuwa vimekwisha au vinakaribia kwisha, kwa hiyo hakupelekwa kupigana. Alikaa Fort Dix, katika jimbo la New Jersey, akifanya kazi ya ofisi: kutayarisha karatasi za askari waliokuwa wanarudi kwao. Mwaka wa 1946 naye aliachiliwa kwa heshima.

Baada ya jeshi alijifunza kazi ya kupiga picha huko New Haven, katika jimbo la Connecticut. Picha alizipenda, lakini swali lililomsumbua tangu utoto halikuondoka.

Kitabu kimoja na farmasi moja

Jibu la kwanza alilipata katika kitabu. Mwandishi Paul de Kruif alikuwa ametoa mwaka wa 1945 kitabu kuhusu homoni ya kiume, testosteroni. Homoni ni kemikali ambazo viungo vya mwili hutoa na kutia katika damu, zikapeleka amri: ndevu ziote, matiti yakue, sauti iwe nzito. Testosteroni na estradioli, ambayo ni homoni kubwa ya kike, zinakaribiana sana katika kemia: tofauti yake ni atomu moja ya kaboni na atomu nne za hidrojeni. Kwa kijana aliyekuwa ameishi akidhani kwamba shida yake haina dawa, habari hiyo ilikuwa mlango.

Alimwendea munganga mmoja wa mambo ya homoni huko Connecticut. Hakupata msaada aliotafuta. Alitumwa kwa munganga wa akili. Ndipo alipoamua kujifunza mwenyewe. Alirudi New York na kuingia katika masomo yaliyotayarisha wasaidizi wa waganga na wafanyakazi wa labo, akasoma vitabu vyote vya homoni alivyoweza kupata.

Kisha akafanya jambo ambalo watu wengi katika hali yake wamelifanya kabla yake na baada yake. Alikwenda kwenye farmasi iliyo mbali na mtaa wake, mahali ambapo hakuna aliyemjua, akaomba estrojeni. Hakuwa na karatasi ya munganga. Alijieleza kuwa mwanafunzi anayefanya uchunguzi juu ya wanyama, na muuzaji akamuuzia. Akaanza kumeza vidonge nyumbani, kwa siri, bila mtu wa kumpima damu wala kumuuliza kama ana ugonjwa wowote.

Dawa aliyoimeza ilikuwa etinilestradioli. Ilitengenezwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka wa 1938, na ina nguvu kwa sababu ini linashindwa kuivunja upesi. Dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo sana, iko mpaka leo ndani ya vidonge vingi vya kupanga uzazi vinavyouzwa katika farmasi za Goma, Bukavu au Lubumbashi. Jambo ambalo Christine hakuweza kulijua wakati huo, kwa sababu waganga wenyewe hawakulijua bado, ni kwamba dawa hii inaweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Damu iliyoganda kwenye mguu inaweza kupanda mpaka mapafu na kuua mtu ghafla.

Kwake haikutokea. Aliona matiti yanaanza kuuma kidogo na roho inatulia. Lakini hakutaka kuendelea gizani. Mmoja wa wanafunzi wenzake alikuwa na mume munganga, Joseph Angelo, na Christine akamweleza kila kitu. Angelo alikubali kumfuata kiafya. Kwa mara ya kwanza dawa ile ilikuwa na mtu mwingine anayeitazama.

Kuvuka bahari

Katika Marekani ya miaka ile hakuna hospitali iliyokubali waziwazi kumsaidia mtu kama yeye. Ulaya kulikuwa na historia kidogo. Munganga Magnus Hirschfeld alifungua mwaka wa 1919 taasisi mjini Berlin iliyopokea watu wa namna hiyo. Wanazi waliivunja na kuchoma vitabu vyake mwaka wa 1933. Mchoraji wa Denmark, Lili Elbe, alifanyiwa upasuaji kadhaa huko Ujerumani na akafa mwaka wa 1931 kwa matatizo ya upasuaji wa mwisho. Kwa hiyo Christine hakuwa wa kwanza, ingawa magazeti yalimwita hivyo. Lakini wengi wa waliomtangulia walikosa kitu kimoja: waganga wenye dawa safi ya homoni na labo ya kuipima.

Mwaka wa 1950 alipanda meli. Alikuwa na wazo la kufika Sweden, akapitia Copenhagen kuwasalimia watu wa ukoo wake. Huko alisikia habari za munganga Christian Hamburger, mtaalamu wa homoni katika taasisi ya serikali iitwayo Statens Serum Institut. Alimtafuta, akamweleza maisha yake yote, pamoja na vile vidonge alivyomeza kwa siri.

Hamburger hakumcheka wala hakumfukuza. Alikubali kumtunza bila malipo, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa pia uchunguzi wa kisayansi. Lakini aliweka utaratibu, na utaratibu huo ndio uliotofautisha Copenhagen na ile farmasi ya New York.

Vipimo kwanza

Sharti la kwanza lilikuwa kujua mwili wenyewe unatoa nini. Wakati huo homoni hazikupimwa kwa damu kama leo. Zilipimwa katika mikojo. Christine alikusanya mikojo yake na kuipeleka labo, waganga wahesabu kiasi cha homoni za kiume na za kike zilizomo. Kwa njia hiyo waliweza kujua dawa inafanya kazi kiasi gani, na kama kipimo kinatosha au kinazidi.

Sharti la pili lilikuwa munganga wa akili. Georg Stürup alizungumuza naye mara nyingi. Alitaka kujua kama anafahamu anachokiomba, kama amelifikiri kwa miaka na si kwa siku moja, na kama hakuna ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya ombi lake.

Sharti la tatu lilikuwa muda. Homoni zilitangulia, upasuaji ulifuata baada ya karibu mwaka mzima wa dawa. Katika mwaka huo waganga walitazama mwili unavyoipokea dawa, naye Christine alipata nafasi ya kujiona anavyobadilika na kujiuliza tena kama njia hii ni yake.

Kulikuwa pia na sheria. Denmark ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1935 iliyoruhusu kuondoa korodani kwa sababu za kiafya, lakini ruhusa ilitoka katika wizara ya sheria. Christine alikuwa mgeni, si raia. Waganga walimwombea, na wizara hiyo, ambayo waziri wake alikuwa mwanamke, Helga Pedersen, ikampa ruhusa ya pekee. Upasuaji wa kwanza ulifanyika Septemba 1951 katika hospitali ya Gentofte, na mwingine Novemba 1952 mjini Copenhagen. Alipochagua jina jipya, alichukua la munganga wake, Christian, akaligeuza Christine.

Siri inavuja

Katikati ya mwaka wa 1952 aliwaandikia wazazi wake barua ndefu ya kuwaeleza yaliyotokea. Wazazi walishtuka, lakini hawakumkataa. Habari hiyo ikafika kwa waandishi wa gazeti, na mgonjwa aliyetaka kupona polepole akajikuta mtu maarufu bila kuomba.

Aliporudi New York mwezi wa Februari 1953, uwanja wa ndege ulijaa waandishi na wapiga picha. Kazi ya kupiga picha aliyojifunza haikuwezekana tena. Kila mtu alitaka kumpiga yeye. Kwa kuwa umaarufu ulikwisha kumfikia, aliufanya kuwa kazi. Aliimba na kucheza katika kumbi za usiku, akapata pesa, akajenga nyumba huko Massapequa, katika Long Island, na kukaa pamoja na wazazi wake.

Heshima ya sheria haikufuata upesi. Mwaka wa 1959 alitaka kuolewa, lakini ofisi ya serikali mjini New York ilikataa kutoa karatasi ya ndoa kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kilisema ni mwanaume. Ndoa hiyo haikufungwa, naye hakuolewa maishani mwake.

Barua 465

Watu ambao habari hii iliwagusa zaidi hawakuonekana katika picha za magazeti. Baada ya Desemba 1952, Hamburger alianza kupokea barua kutoka inchi nyingi. Mwaka wa 1953 alichapisha uchunguzi wake juu ya barua za watu 465, wanaume na wanawake, waliomwomba msaada wa kubadili jinsia. Mwaka huo huo, yeye, Stürup na mpasuaji Erling Dahl-Iversen walieleza matibabu ya Christine katika jarida la chama cha waganga wa Marekani, kusudi waganga wengine waone kilichofanyika.

Wengi wa walioandika hawakuweza kusaidiwa. Denmark ilifunga mlango kwa wageni, na Marekani haikuwa imefungua wake. Mtu aliyekosa munganga alibaki na njia ile ile ya Christine wa mwanzo: farmasi ya mbali, uongo kidogo, na vidonge.

Mmoja wa waganga waliojaribu kuziba pengo hilo ni Harry Benjamin, aliyezaliwa Berlin mwaka wa 1885 na kufanya kazi New York. Alimfahamu Christine tangu aliporudi, akawa munganga wake na rafiki. Mwaka wa 1966 Benjamin alitoa kitabu cha kwanza kikubwa cha kiganga juu ya watu wanaobadili jinsia, na mwaka huo huo hospitali ya Johns Hopkins, huko Baltimore, ilifungua kliniki kwa ajili yao. Mwaka wa 1979 waganga waliunda chama chenye jina la Benjamin na kuandika kanuni za kufuata. Kanuni hizo zimebadilishwa mara nyingi, lakini bado zinatumika.

Waganga wanauliza nini leo

Miaka mingi baada ya Copenhagen, waganga wa Amsterdam waliwafuata mamia ya wanawake waliobadili jinsia na kuona kwamba damu iliganda kwa wengi mno miongoni mwa waliotumia etinilestradioli. Ndiyo maana dawa hiyo haishauriwi tena kwa kazi hii. Leo hutumiwa estradioli inayofanana na ile ya mwili, kwa vidonge, sindano au kibandiko cha ngozi, pamoja na dawa ya kuzuia testosteroni. Kwa mtu aliye katika hatari ya damu kuganda, kibandiko ndicho kinachopendelewa.

Mbele ya kuanza, munganga huuliza mambo yanayoeleweka. Je, wewe au mtu wa jamaa yako amewahi kuganda damu, kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo? Unavuta tumbaku? Ini lako lina shida, kwa mfano hepatiti? Umewahi kuwa na saratani ya matiti? Unatumia dawa gani nyingine? Mwenye VIH anaweza kutumia homoni, lakini munganga lazima ajue ARV anazomeza, kwa sababu dawa nyingine zinaathiriana. Kisha hupimwa msukumo wa damu, ini, sukari, mafuta ya damu na homoni zenyewe. Katika mwaka wa kwanza vipimo vya damu hurudiwa kila miezi mitatu hivi.

Kuna swali jingine ambalo watu husahau: watoto. Dawa hizi hupunguza mbegu za uzazi, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba zitarudi zote dawa ikiachwa. Anayetaka mtoto wa damu yake aliseme jambo hilo mbele ya kidonge cha kwanza.

Mgonjwa huelezwa pia mambo ambayo dawa haifanyi. Matiti huanza kukua baada ya miezi michache na huchukua miaka miwili au mitatu kufika mwisho. Sauti iliyokwisha kuwa nzito hairudi nyuma, na ndevu haziondoki zenyewe. Kuongeza kipimo hakuharakishi kitu. Huongeza hatari tu. Na mtu aliyekwisha kuanza peke yake hapaswi kuona haya kumwambia munganga, kwa maana Christine mwenyewe alianza hivyo, na kusema ukweli kulimsaidia.

Munganga wa akili naye hakai tena mlangoni kama zamani. Mwaka wa 2019 inchi wanachama wa OMS zilikubali orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka wa 2022. Ndani yake hali hii imetolewa kati ya magonjwa ya akili na kuwekwa katika sura ya afya ya ujinsia, kusudi watu waendelee kutunzwa bila kuitwa wendawazimu.

Miaka ya mwisho

Mwaka wa 1967 Christine alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka wa 1970 kikatengenezewa filamu. Baadaye alihamia California. Katika miaka ya 1970 alialikwa katika vyuo vikuu vingi, akajibu maswali ya wanafunzi kwa utulivu na kwa utani, hata yale yaliyokosa adabu.

Alikufa tarehe 3 Mei 1989 huko San Clemente, California, akiwa na umri wa miaka 62, kwa saratani ya kibofu na ya mapafu. Hizo ni saratani mbili ambazo waganga huzihusisha hasa na moshi wa tumbaku.

Alikuwa ameishi karibu miaka 40 tangu kidonge chake cha kwanza. Dawa aliyoinunua kwa siri ilikuwa hatari kuliko alivyojua, na kilichomtoa katika hatari hiyo ni kazi ndogo ndogo za kila siku: mikojo iliyopimwa, maswali yaliyojibiwa kwa ukweli, na munganga aliyekubali kumsikiliza. Wengi wa wale 465 walioandika barua hawakupata hata kimoja kati ya hivyo.